Albamu ya Pamoja, Daftari la Nani?

Kijana anayefoka Arua au Koboko leo ana bahati ambayo kaka zake hawakuipata. Kwa miaka mingi West Nile yote, kaskazini-magharibi mwa Uganda, iliishi nje ya gridi ya umeme ya taifa, ikitegemea jenereta na mtambo mdogo wa Nyagak, kule Zombo, wenye uwezo wa megawati 3.5. Mwenye studio alipanga kazi kwa kufuata mgao: ubeti wa kwanza leo, wa pili umeme ukirudi. Mwaka 2024 laini kubwa ya gridi ya taifa ilifika Arua. Lami nayo inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko, hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Redio za eneo kama Radio Pacis na Arua One zina wasikilizaji waaminifu. Kompyuta ya studio imekuwa rahisi kupatikana kuliko zamani.

Katika hali hiyo haishangazi kwamba wazo la kukusanyika watu kumi na kutoa albamu moja linavutia. Gharama zinagawanywa, kila mmoja analeta mashabiki wa mtaa wake, na Kampala, iliyozoea kuiangalia West Nile kwa mbali, inalazimika kusikiliza.

Wazo ni zuri na ninaliunga mkono. Ila kuna swali moja ambalo huachwa nje ya mlango wa studio: albamu ikishapendwa, kila mmoja wa hao kumi atakula nini mwaka wa tatu? Historia ya Afrika Mashariki inalo jibu, na jibu hilo halifurahishi. Albamu ya pamoja humpa kila mshiriki jina kwa siku moja, kisha humwacha ajitafutie njia. Waliofika mbali na waliokwama hawakutofautiana sana kwa kipaji. Walitofautiana kwa kile ambacho kila mmoja alikuwa nacho nje ya kundi, na kwa kilichoandikwa, au kutoandikwa, kabla wimbo wa kwanza haujarekodiwa.

Mfano mkubwa ulitoka Nairobi mwaka 2004, albamu iliyoitwa Kilio Cha Haki. Nyuma yake walikuwapo Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora ambao mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa wimbo wao Tafsiri Hii, waliwathibitishia watangazaji wa redio kwamba rap ya Kiswahili na Sheng inaweza kusimama mbele ya ile ya Marekani. Albamu yao Ni Wakati ilitoka mwaka 2001. Kambi yao ya Dandora ikavuta vijana wengine wengi, upande wa Mombasa kukawa na Ukoo Flani, na wote wakaungana kuwa Ukoo Flani Mau Mau. Lilikuwa kundi kubwa kiasi kwamba jukwaa dogo halikuwatosha.

Shirika dogo la Uholanzi, UpToYouToo, lilisaidia kufunga vifaa vya kurekodia huko huko mashariki mwa Nairobi, Eastlands, na marapa wakaingia mmoja baada ya mwingine. Waliimba kuhusu polisi, njaa, ufisadi na kazi zisizopatikana. Kenya ilikuwa imetoka tu kukiondoa chama cha Moi, KANU, madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 2002, na vijana wa Eastlands walikuwa wakihesabu ahadi ambazo bado hazijatimia. Mwaka 2006 kundi likatoa Dandora Burning, iliyorekodiwa Dandora kwenyewe. Mpaka leo, mpenzi wa hip hop ya Kiswahili anayejua historia yake atazitaja albamu hizo mbili kabla hujamaliza kumuuliza.

Sasa tazama walivyotawanyika.

Juliani, kijana wa Dandora aliyekulia katika kundi hilo, aliokoka na kuanza kufoka nyimbo za injili bila kuacha lugha ya mtaani. Albamu yake Mtaa Mentality ilitoka mwaka 2008, ikafuatiwa na Pulpit Kwa Street mwaka 2011. Akawa miongoni mwa wasanii wanaosikika zaidi Kenya, kisha akarudi mtaani kwake kuanzisha Dandora Hip Hop City, mahali pa kuwalea vijana wanaomfuata.

Alai K, mmoja wa waanzilishi wa Ukoo Flani, alihamia Ulaya na kugeukia utayarishaji. Muziki wake wa dansi unaochota kwenye ngoma za pwani, chini ya jina la Disco Vumbi, ulitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo yenye makao yake Kampala. Yaani mtu wa Kilio Cha Haki alipata maisha ya pili kupitia Uganda, na wengi wetu hatukujua.

Mombasa ilibaki na Cannibal na Sharama, waliotamba na Kichwa Kibovu, wimbo uliowafikia hata watu wasiojua lolote kuhusu siasa za kundi lao. Kamaa wa Kalamashaka alishikilia msimamo wa tangu mwanzo, hip hop kama sauti ya wanyonge. Mwongozaji Michael Wanguhu, ambaye awali alitengeneza filamu ya Hip Hop Colony kuhusu rap ya Kenya, alitengeneza nyingine iitwayo Ni Wakati, jina lile lile la albamu ya Kalamashaka. Na yuko mmoja wa wakongwe hao ambaye magazeti ya Nairobi yaliandika mara kwa mara habari za kuanguka kwake, huku mashabiki wakichangishana fedha za kumsaidia. Jina lake sina haja ya kulirudia hapa. Wanaomjua wanajua kwamba ubeti wake haukuwa na upungufu.

Watu wengi wakisimulia habari hizi huhukumu haraka. Huyu alikuwa na bidii, yule alipenda pombe, huyu aliwasaliti wenzake kwa kwenda peke yake. Hukumu hizo zinaturidhisha kwa sababu hazitudai lolote. Mimi naona jambo jingine. Juliani alikuwa na waumini, watu ambao tayari walikuwa na utaratibu wa kukutana kila wiki, kununua na kualika. Alai K alikuwa na ujuzi wa mezani, wa kutengeneza mdundo, ambao unauzika popote penye umeme. Cannibal na Sharama walikuwa na mji mzima uliowaona kuwa wao. Aliyekuwa na kundi tu, kundi lilipotawanyika alibaki na sifa. Na sifa haipeleki mtoto shule.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni kutawanyika kwenyewe, kwamba wangebaki pamoja wangetajirika pamoja. Sikubali. Kundi la watu ishirini na zaidi haliwezi kuishi kwa malipo ya shoo moja ya Jumamosi. Promota anayelipa kwa ajili ya watu watatu halipi mara saba akiletewa ishirini na mmoja. Kwa hesabu hiyo kutawanyika kulikuwa lazima, na anayeanzisha kundi kubwa bila kupanga jinsi watu watakavyotoka anajidanganya.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Wu-Tang Clan, marapa tisa kutoka New York, walitoa albamu yao ya kwanza Novemba 1993. Kiongozi wao, RZA, alikubaliana na kampuni ya Loud kwamba kundi litakuwa kwao, ila kila mmoja awe huru kutafuta mkataba wake kokote. Method Man akaenda Def Jam na kutoa albamu mwaka 1994. Ol' Dirty Bastard akaenda Elektra na GZA akaenda Geffen, albamu zao zikatoka mwaka 1995. Raekwon akabaki Loud. Kila mmoja alipofanikiwa, jina la kundi lilipanda, na wenzake wakafaidika. Kutoka kulikuwa ndani ya mpango, kwa hiyo hakuna aliyeitwa msaliti.

Hata hivyo bahati hazikulingana. Masta Killa alisubiri hadi 2004 kutoa albamu yake ya kwanza. Ol' Dirty Bastard alifariki Novemba mwaka huo huo, mwaka uliozaa Kilio Cha Haki. U-God alimpeleka RZA mahakamani mwaka 2016 akidai mirabaha yake. Karatasi haikuwafanya sawa, ila iliwapa mahali pa kulalamikia. U-God alikuwa na mkataba wa kupeleka kwa hakimu. Rapa wa kwetu aliyedhulumiwa ana simu iliyojaa ujumbe wa sauti, na ujumbe wa sauti si mkataba.

Nasi West Nile tunayo hadithi yetu, ingawa si ya rap. Mwaka 2004 Coca-Cola iliendesha shindano la Pop Stars katika nchi tatu za Afrika Mashariki. Kenya ikapata kundi la Sema, Tanzania ikapata Wakilisha, Uganda ikapata Blu*3. Katika Blu*3 alikuwamo binti wa West Nile, Jackie Chandiru, pamoja na Cindy Sanyu na Lillian Mbabazi. Makundi matatu, wasanii tisa, mwaka mmoja, mlango mmoja. Ukitaka kupima mchango wa bahati katika maisha ya msanii, huwezi kupata kipimo kizuri zaidi.

Cindy aliondoka Blu*3 mapema, akajenga jina lake peke yake, na baadaye akawa rais wa chama cha wanamuziki wa Uganda. Sanaipei Tande wa Sema akawa mwimbaji, mtangazaji na mwigizaji anayeheshimika. Shaa wa Wakilisha aliendelea kuimba peke yake. Langa, rapa wa kundi hilo, alizungumza waziwazi kuhusu vita vyake na dawa za kulevya, na alifariki mwaka 2013. Jackie wetu alitamba na Gold Digger na Agassi, akajiita Malkia wa Nile, kisha akapita katika miaka migumu ya uraibu wa dawa ambayo mwenyewe aliieleza hadharani, akarejea jukwaani. Tulimshangilia alipopanda. Alipoanguka, wengi wetu tulikuwa na maneno ya kusema na wachache walikuwa na utaratibu wa kumsaidia. Muziki wetu hauna mfuko wa matibabu, hauna akiba ya uzeeni, hauna chochote kinachoanza kufanya kazi makofi yanaponyamaza.

Tanzania nayo imetupa njia ambayo vijana wa hapa huitamani sana, ile ya siasa. Rapa Professor Jay alitoka Hard Blasters, kundi lililotoa Funga Kazi mwaka 2000, akawa mbunge wa Mikumi kutoka 2015 hadi 2020. Rapa mwingine, Sugu, aliiwakilisha Mbeya Mjini kwa miaka kumi. Nikki wa Pili wa kundi la Weusi aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Ni heshima kubwa kwa sanaa. Ila kiti cha ubunge kina mtu mmoja, na kundi lina watu kumi. Mpango wa maisha unaomtegemea mmoja achaguliwe kisha awakumbuke wenzake si mpango.

Kwa vijana wa Arua sihitaji kwenda mbali kutafuta somo, kwa kuwa uwanja wa Greenlight uko hapo hapo. Klabu ya soka ya Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, mji mzima ulivaa jezi. Klabu za Kampala zikaja kuchukua wachezaji. Muhammad Shaban akaenda KCCA, na kutoka huko akafika Raja Casablanca ya Morocco. Mpira una dhuluma zake, lakini mchezaji akihama kuna mkataba unaovunjwa, kuna klabu inayodai chake, na kanuni za FIFA zinataja fidia ya waliomlea mchezaji tangu utotoni. Rapa akitoka Koboko kwenda Kampala, studio iliyomfunza haipati hata salamu, na yeye mwenyewe hajui kama wimbo wake wa kwanza ni mali yake au ya prodyuza. Tukiweza kuandika mkataba wa mtu anayepiga mpira, tunaweza kuandika wa mtu anayepiga vina.

Sheria ipo. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006. Inalinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa kazi iliyotungwa na watu kadhaa kwa namna isiyoweza kutenganishwa, inawatambua wote kuwa wamiliki wa pamoja. Kazi inaweza kusajiliwa katika ofisi ya serikali ya usajili, URSB, na chama cha UPRS kina jukumu la kukusanya mirabaha ya watunzi. Lakini fikiria maana ya umiliki wa pamoja pale ambapo marapa kumi hawakuandika lolote. Kampuni ya simu ikitaka kiitikio kiwe mlio wa kungojea, nani atasaini? Tangazo la sabuni likitaka sekunde ishirini, fedha zinaingia simu ya nani? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakuwa wakizungumzia hip hop, lakini wangeweza kuketi katika studio yoyote ya mtaani na kurudia neno lile lile.

Suala la misaada nalo linatuhusu kwa karibu. Jirani yetu Yumbe kuna makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, yaliyofunguliwa mwaka 2016 na kuwapokea watu zaidi ya 200,000, wengi wao kutoka Sudan Kusini. Humo kimejengwa kituo cha sanaa chenye jukwaa na studio ya kurekodia. Ni jengo zuri, na vijana wa kule wanastahili. Lakini Eastlands ilipata studio ya msaada karibu miaka ishirini kabla, na tumeona kwamba kipaza sauti cha msaada hakimlindi anayekitumia baada ya mradi kufungwa. Mfadhili akija Koboko au makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na vifaa, apokelewe kwa shukrani, kisha aulizwe maswali matatu: masta, yaani rekodi zenyewe, zitakuwa mali ya nani? Mauzo yatahesabiwa na nani? Mkiondoka, ufunguo atabaki nao nani? Asiyekuwa na majibu hayo analeta sherehe.

Upo pia upande wa matumaini, na si mdogo. Rapa wa West Nile ana soko ambalo wa Kampala hana. Anafoka Kilugbara na kusikika ng'ambo ya Vurra, ndani ya Congo. Anafoka Kikakwa na kusikika katika nchi tatu. Akiongeza Kiswahili, anafika Ariwara na Bunia huko Congo, na kwa upande wa mashariki nchi nzima za Kenya na Tanzania ziko mbele yake. Kiswahili hapa hakikuja jana. Kilikuja na askari na wafanyabiashara, kikabaki sokoni, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Katika albamu ya pamoja ya Arua na Koboko, yule wa Kilugbara, wa Kikakwa, wa Kiaringa na wa Kiswahili kila mmoja anakuja na wasikilizaji wake. Hao ndio watakaombeba siku kundi likilala. Kwa hiyo asikubali kuzika lugha yake ili albamu nzima ifanane na ya Kampala.

Kwa hayo yote, nawaomba vijana wanaotaka kurekodi pamoja wafanye mambo manne kabla ya kuwasha mashine. Kwanza, kila wimbo uwe na karatasi ya mgawo: nani kaandika, nani katengeneza mdundo, kila mmoja ana asilimia ngapi, na sahihi za wote chini. Pili, ieleweke kwa maandishi kwamba kila mmoja ana ruhusa ya kwenda peke yake akitumia jina lake, na jina la kundi ni la nani akiondoka. Tatu, sehemu ya kila malipo ya shoo iwekwe kwenye akaunti yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, kwa ajili ya ugonjwa na msiba, kama vikundi vya akiba vya mama zetu vinavyofanya kila wiki bila makelele. Nne, kila mmoja ajifunze kazi moja ya pembeni iliyo ndani ya muziki huo huo, iwe kupiga picha za video, kuchanganya sauti, kutangaza redioni au kuandaa shoo. Alai K hakuokolewa na ubeti. Aliokolewa na meza ya kutengenezea muziki.

Najua jibu litakalokuja: sisi ni ndugu, karatasi itatugombanisha. Ndugu zangu, karatasi haijawahi kuvunja kundi. Makundi yamevunjwa na fedha ambayo hakuna aliyeweza kuieleza ilikoenda. Kama udugu wenu hauwezi kustahimili sahihi kumi leo, mkiwa hamna kitu, hautastahimili shilingi milioni kumi kesho.

Wenye redio nao wana wajibu wa kulipa wanachokitumia. Halmashauri ya jiji la Arua na ile ya manispaa ya Koboko zingeweza, bila gharama kubwa, kumweka ofisa mmoja wa utamaduni anayejua kujaza fomu za URSB na kuwasaidia vijana kuzijaza. Na sisi mashabiki tununue wimbo tunaoudai ni wetu, badala ya kungoja kuchangia matibabu. Mchango wa hospitali ni malipo yale yale ya wimbo, yaliyocheleweshwa hadi yakapoteza heshima.

Rekodini albamu hiyo. Ila kabla ya mtu wa kwanza kusogea kwenye kipaza sauti, wekeni daftari mezani na muandike majina yenu yote.